Mwoshaji wa Temeke na Vitabu Vyake vya Kutisha

Kitu cha kwanza alichokikagua kilikuwa mikono yako. Hukuhitaji kumwambia umefuata kitabu. Alikushika viganja, akavigeuza, akavinusa, na kama umetoka kuparua samaki alikurudisha kwenu na shikamoo yako mdomoni. "Kanawe kwanza. Kitabu kimekukosea nini?" Na ile mikono yake iliyokushika ndiyo iliyokuwa ikiwaosha wanawake waliokufa mtaani kwetu Temeke tangu mie sijapata akili. Tulilijua hilo vizuri, na bado tulimpa viganja vyetu. Uchu wa hadithi, jamani, ni kitu kibaya.

Jina lake nalijua na silisemi. Hata wakati ule halikuwa na kazi, maana wakubwa kwa wadogo walimwita Mwoshaji. Akifa mwanamke Mwislamu, anaitwa yeye. Anakuja na kanga zake mbili zilizofifia, anataka maji ya uvuguvugu, anafunga mlango, na baada ya muda marehemu yuko ndani ya sanda. Alichokiona mle ndani hakitoki. Hiyo ndiyo amana ya mwoshaji: ukiona kovu, ukiona ugonjwa, ukiona jambo ambalo mwenye mwili alilificha uhai wake wote, unalifunika pamoja naye. Kulikuwaga na wanawake wengine waliomsaidia kazi, wakitoka tu mtaa mzima unajua marehemu alikuwa na kidonda wapi. Hao aliwafukuza wote.

Basi huyo huyo ndiye aliyekuwa na vitabu vya kutisha, masanduku mawili ya mbao, uvunguni. Ujanani alifanya kazi za ndani kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la madaftari na vitabu mjini. Nyumba yao ilipotaifishwa wakaamua kuhama nchi, wakagawa vitu. Wenzake walichukua masufuria na vitanda. Yeye akaomba vile vitabu vyembamba vya karatasi ya kijivu ambavyo havikununuliwa, na kusoma kwenyewe wakati huo hajui! Ndipo akaenda kisomo cha watu wazima, akakaa benchi moja na wababa wa bandarini, akahangaika na herufi. Mwalimu alitaka wasome habari za mbolea na kuchemsha maji ya kunywa. Yeye alitaka kujua mle ndani ya masanduku mna nini. Mlikuwa na majini, mizimu na misukule.

Mjukuu wangu anasoma kwenye simu siku hizi. Ana kisa cha msichana aliyependwa na jini mwenye macho ya kijani, sura mpya kila wiki, na akikosa sura moja hali chakula. Juzi kaniuliza, "Bibi, nyie enzi zile mlikuwa mnasoma nini, hotuba?" Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia mwanangu wee, jini lenu linavaa suruali ya jinzi na linaomba ruhusa kabla ya kumshika mtu mkono. La kwetu lilikuwa halibishi hodi. Lakini nilipomsogelea nikasoma kidogo begani kwake, nikaona ni yale yale: msichana wa umri wake, wazazi hawamwelewi, halafu kinakuja kitu kutoka upande wa pili ambacho kinamwelewa. Vijana wanakifuata hicho cha kuwaelewa, hata kiwe na kwato.

Mwoshaji alikuwa na maelezo yake. "Kijana anapenda cha kutisha kwa sababu hajatishwa bado," alisema. "Akishatishwa, atataka hadithi za sungura." Mie nilimbishia. Nilimwambia mbona wewe umeona yote, na bado unasoma? Akanitazama juu ya miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja. "Mie nasoma nione kama wamepatia."

Na hawakupatia hata siku moja, kwa maoni yake. Malalamiko yake makubwa yalikuwa kwamba watu wanakufa kila ukurasa na hakuna anayewaosha. "Tazama huyu," anakugongea kidole kwenye mstari. "Kafa hapa. Ukigeuza, keshazikwa. Nani kamwosha? Nani kamfunga taya? Sanda imetoka wapi, na nguo yenyewe haipatikani madukani?" Halafu anafunga kitabu kwa hasira. "Ndiyo maana wanarudi. Mtu kafukiwa kama gogo. Hata mie ningerudi." Ukimrudishia kitabu, hakuuliza kama umekipenda. Aliuliza swali moja tu: nani alimlilia marehemu? Ukijibu hakuna, anasonya, anamsonya mwandishi.

Sasa usidhani alikuwa jasiri. Alimwosha mwanamke aliyetolewa majini kule Mtoni akiwa amekaa siku kadhaa, kazi ambayo wanaume watu wazima walikimbia wakitapika, lakini mjusi kafiri akipita ukutani anapanda kitandani na viatu. Vitabu vyake alivisoma mchana tu, barazani, mgongo umeegemea ukuta ili pasipite mtu nyuma. Jua likiinama anavirudisha sandukuni, anakaza kamba. Zuhura akamuuliza siku moja, "Unaogopa maiti, mama?" Akashangaa kabisa. "Maiti? Maiti ana maneno gani na mtu? Naogopa hawa waandishi." Na kwenye msiba hakuna aliyewahi kuona chozi lake, ila kuna kisa cha mzimu wa bibi harusi alichokisoma kila mwaka, na kila mwaka alilia kamasi zikamtoka. Ukimcheka, kitabu huazimwi mwezi mzima.

Wazazi wetu hawakumpenda na hawakuweza kumkosa. Vitabu vyake aliviwekea karafuu maiti visiliwe na wadudu, kwa hiyo vilinuka, na sie tuliovisoma tulinuka. Mama yangu akinikuta ukumbini nimejikunyata na kitabu ananinyanyua kwa sikio. "Unanuka sanda, Tausi! Umri huu unanuka sanda!" Kilichowatia hofu zaidi ni ule ukimya. Nyumba za Temeke wakati ule zina redio, zina kinu, zina watoto wanaolia, na kusoma maana yake ni kusoma kwa sauti. Halafu wanapita barazani kwa Mwoshaji wanakuta wasichana sita saba wameketi sakafuni, macho chini, midomo imefungwa, hakuna anayeitikia akiitwa jina. Mama mmoja alipita akasema, "Mtoto wangu namwita hanisikii. Huyu bibi anatia nini humo?" Akacheka, na wenzake wakacheka, lakini si sana.

Zuhura ndiye aliyekuwa msomaji wetu mkubwa. Jina lake la kweli silisemi pia. Alikuwa na miaka kumi na minane, kamaliza shule, anamsaidia mama yake kukaanga maandazi, na chumba chao kilikuwa ubavuni mwa chetu katika nyumba hiyo hiyo. Mama Zuhura hakujua kusoma, kisomo aliingia akatoka. Kwa hiyo mwanawe alimsomea. Asubuhi kabisa, moto unawaka, mama anakata unga, binti ameketi juu ya kinu kilicholazwa anasoma habari za misukule huku mafuta yanatoa mlio. Mama Zuhura alizipenda hizo kuliko zote. Kitabu kimoja alikitaka mara kwa mara: binti anaugua ghafla, anakufa, anazikwa, kumbe kilichozikwa ni shina la mgomba lililorogwa lifanane naye. Mwenyewe amefichwa, amefungwa ulimi, analishwa pumba, anatumikishwa shambani. Mwishowe mama yake anamkuta sokoni, anamtia chumvi mdomoni, na binti anakumbuka jina lake. Hapo Mama Zuhura aliachaga maandazi yakaungua. "Rudia hapo kwenye chumvi," anasema. Zuhura anarudia.

Mwaka ule Zuhura akaanza kuumwa. Akawa anatapika asubuhi, hataki harufu ya mafuta, amejifunga kanga juu kifuani na joto lote lile. Tukasema malaria, maana kila kitu kilikuwa malaria. Akaacha kuja kuazima vitabu. Mara ya mwisho kumwona ni pale niliposimama mlangoni kwao. Alikuwa amelala, amegeukia ukuta, na uvunguni palikuwa na kikombe cha bati ambacho harufu yake ilinipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Nilidhani ni dawa ya hospitali. Kesho yake asubuhi nikasikia Mama Zuhura anapiga yowe. Binti alikuwa kajifunika kanga gubigubi, na majirani wakamzuia mama kumfunua mpaka Mwoshaji aje.

Mwoshaji alikuja kama kawaida yake. Aliingia, akakaa na marehemu kitambo kidogo, halafu akatoka akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliwatoa wanawake wote mle chumbani. Akamtoa shangazi, akawatoa majirani, akamtoa na mama mtu mwenyewe, ambaye ilibidi ashikwe. Akamtuma mtu Tandika akamlete bibi mmoja kizee asiyejulikana na yeyote mtaani, wakafunga mlango wawili hao. Walikaa muda mrefu sana. Sie nje tunasikia maji tu.

Kwetu, kabla jeneza halijatoka, sanda huachwa wazi usoni, ndugu wa kike wakapita mmoja mmoja kumwona mara ya mwisho. Wanawake walikuwa wameshajipanga ukumbini. Mwoshaji akafungua mlango, na nyuma yake tukaona kitanda, na juu ya kitanda kitu cheupe kimefungwa kuanzia wayo mpaka utosi. "Uso hautaonwa," akasema. Mama Zuhura akamwambia ni mwanangu huyo, nifungulie. Mwoshaji akasimama mlangoni na mikono yake ikidondosha maji, akasema tena, polepole, "Nimeshamfunga, mama. Muache aende." Wanaume wakaingia wakabeba.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mwanzoni lilikuwa swali tu, pale bombani, ndoo zikisubiri zamu. Wewe ulimwona uso? Mie sikumwona. Na wewe? Hakuna aliyemwona. Halafu wale wale wasichana wa barazani, wenzangu, waliokuwa wanasoma kimyakimya, ndio waliofungua midomo. Kwenye kitabu kile, wakasema, mchawi hakutaka uso uonwe, maana mgomba ukiutazama sana unaanza kubadilika. Nyuma ya chumba cha Mwoshaji kulikuwa na migomba, na mmoja ulikuwa umekatwa siku hizo hizo. Mgomba hukatwa ukishazaa, hilo nani hajui? Lakini nakuambia, mtaa mzima ulikwenda kukitazama kile kisiki kinachochuruzika utomvu, wakarudi wamefunika midomo kwa kanga. Mie pia nilikwenda. Nilisimama pale kama wao, na nilikuwa nimesoma kile kitabu mpaka mwisho.

Ikaja habari kwamba muuza mkaa kamwona Zuhura upande wa Mbagala, alfajiri, kabeba kuni, kaitwa hakugeuka. Basi tena. Mama Zuhura aliposikia hayo aliacha kulia papo hapo. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mwanamke ambaye alikuwa anabingirika chini akanyamaza, akanawa uso, akala. Macho yake yakawa makavu, yanang'aa. Alikuwa amepata tumaini.

Alikwenda kwa Mwoshaji mchana, jua la utosi, na sie wote nyuma yake. Akapiga magoti barazani. "Mwenzangu, sina ugomvi na wewe," akasema. "Nirudishie mwanangu. Sitakushitaki. Hata kama hasemi, nipe hivyo hivyo."

Mwoshaji akajaribu kumnyanyua. "Nilimwosha mwenyewe, mama. Ni yeye. Amekufa."

"Mbona ulininyima uso?"

Mwoshaji akauachia mkono wake.

"Uliona nini usoni kwa mwanangu ambacho mama yake asikione?"

Mwoshaji akajifuta mikono kwenye kanga. Hakujibu.

Balozi wetu wa nyumba kumi aliitisha kikao pale pale barazani, maana vijana walikuwa wameshaanza kuokota mawe na kuna waliosema aletwe mganga amnyoe nywele kumtoa uchawi. Balozi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mwenye hofu huyo ana muhuri. Akamwambia, "Mama, mie siamini mambo ya misukule, chama hakiamini. Wewe sema tu kwa nini uliufunga uso. Neno moja. Watu watawanyike, wewe ubaki na chumba chako." Akangoja. "Usiposema, mie sina la kukutetea. Kuna zoezi la kupeleka mashambani watu wasio na kazi. Nitaulizwa wewe kazi yako ni ipi. Kuosha maiti haiko kwenye orodha ya kazi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa: aseme akae, anyamaze aondoke. Kila aliyekuwepo alielewa. Mwoshaji alisimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akawatazama wanawake, hakumtazama balozi. Akawauliza swali. "Nyie nyote mtalala pale kitandani mbele yangu, au mbele ya mwenzangu. Siku hiyo mtataka mwoshaji mwenye mdomo, au asiye na mdomo?" Nilimwona mama yangu anatazama chini. Nadhani kila mmoja wao alikuwa anaupitia mwili wake mwenyewe kichwani, anatafuta alichokificha. Halafu mtu kutoka nyuma akapiga kelele "Mchawi!" na wote wakashukuru kupata la kusema.

Vitabu vilichomwa jioni ile. Hakuna aliyeamuru. Vijana waliyaburuta masanduku mpaka uwanjani, na akina mama wakaleta mafuta ya taa, yale yale ya foleni. Moshi wake ulinuka karafuu maiti mpaka Chang'ombe. Kimoja kilikuwa kwetu chini ya godoro langu, mama akakitia jikoni mwenyewe akapikia chai, na chai ile nilikataa kuinywa. Mwoshaji alikaa barazani anatazama, mikono magotini. Nilikwenda kusimama karibu yake, nikiogopa kumsogelea na nikiogopa kumwacha. Akaniambia tu, "Tausi, yule bibi harusi sikummaliza mwaka huu." Lori la kupeleka watu mashambani lilipokuja, akapanda na kanga zake na sufuria moja. Walimshusha Bunju, wakati ule ikiwa mikorosho na nyoka tu, wakamwonyesha pori wakamwambia lima.

Baada ya hapo waliletwa waoshaji wengine. Wote walikuwa na midomo. Mtaa ulijuta, lakini kimoyomoyo.

Mama Zuhura yeye hakujuta, kwa sababu alikuwa na kazi. Alifunga chumvi kwenye pindo la kanga yake akawa anatembea nayo. Akisikia kuna msichana bubu Ukonga, yuko Ukonga. Akisikia kuna mwendawazimu wa kike kaokotwa Tegeta kwenye machimbo ya kokoto, anakwenda, anamshika kidevu, anamtia chumvi ulimini, anangoja. Wapo waliomng'ata. Alirudi, akabadili chumvi iliyolowa jasho, akakaanga maandazi yake. Mie nilikua, nikaolewa Kinondoni, nikazaa. Ni nilipobeba mimba ya kwanza, natapika asubuhi na harufu ya mafuta ya kupikia inanitoa roho, ndipo nilipokaa kitako sakafuni na kuelewa. Ile kanga iliyofungwa juu. Kile kikombe. Kitu kinachonuka vile hakimwachi mtu na midomo yake. Mwoshaji alikuwa ameuficha uso wa mtoto ili mama asijue mwanawe alikunywa nini, na kwa nini.

Nililia siku hiyo kwa hasira, sikujua namlilia nani. Wala sikwenda kumwambia Mama Zuhura. Ningempa nini? Alikuwa na mtoto aliyepotea ambaye siku moja atarudi. Mie ningemletea mtoto aliyejiua, na mjukuu humo humo. Nimefikiri sana tangu siku ile kuhusu hadithi za kutisha, na mjukuu wangu ananiona nasoma begani kwake anadhani nadharau. Sidharau. Watu wanasema zinafundisha hofu. Nilichokiona mie ni kwamba zinampa mtu hofu anayoweza kuivumilia, ili asiione ile nyingine iliyokaa nyuma yake. Msukule unaweza kuutafuta. Yale mengine utayatafutia wapi?

Miaka ilipita, dhiki ikazidi, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, hata sanda ya kufia unaitafuta kwa kujuana. Mama Zuhura akalala kitandani. Nilikuwa nakuja kumtazama, na siku moja akanishika mkono kwa nguvu nisiyoitegemea. "Nikifa, anioshe yule."

"Yule nani, mama?"

"Unamjua. Msinipe hawa wengine." Akapumua. "Mie nimetafuta nimechoka. Yeye ndiye anayejua alikomficha mwanangu. Basi akinishika, atanichukua na mie kule kule. Nilishwe pumba, sijali. Niwe naye tu."

Nilitoka nje nikashika ukuta. Alfajiri iliyofuata akafariki, na mie nikapanda lori la mchanga kwenda Bunju.

Nilimkuta anaanika mihogo juu ya kirago, kazeeka, mgongo umepinda, miwani hana tena. "Shikamoo, bibi." Alinitazama kwanza mikono, halafu uso. "Marahaba. Nani kafa?" Maana hakuna aliyewahi kumfuata kwa jambo jingine. Nikamwambia. Nikamwambia na maneno ya marehemu yote, kama yalivyotoka, sikupunguza. Niliogopa angekataa, na angekuwa na haki.

Aligeuza kipande cha muhogo. "Kwa hiyo miaka yote hii aliamini ni mie."

"Ndiyo, bibi."

"Na bado kanitaka."

"Ndiyo."

Aliingia ndani, akatoka na kanga zake.

Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini tulipofika, wale wale, wengine na wajukuu mgongoni. Njia ilifunguka mbele yake bila mtu kuguswa. Mama yangu ndiye aliyemwamkia wa kwanza. Mwoshaji aliitikia, halafu akamuuliza kaka wa marehemu kaburi linachimbwa wapi. Akaambiwa mwisho wa makaburi, penye nafasi. "Hapana," akasema. "Chimbeni ubavuni mwa mwanawe. Mkikuta mizizi, kateni." Wakaenda bila kubisha. Kisha akanigeukia mie. "Wewe njoo unishikie kata. Wengine mtuachie mlango."

Sikuwahi kumwona kazini. Mikono iliyokuwa inanusa viganja vyetu ilimgeuza mwanamke yule kama anavyogeuzwa mtoto aliyelala usiyetaka aamke. Nilimimina, alisugua, nilimimina. Hakusema neno mpaka tulipomkausha, tukamvisha, tukafunga miguu, tukafunga kiuno. Ulibaki uso. Hapo akainama, akaweka mdomo sikioni mwa marehemu, na mkono wake mmoja ukamshika shavu. Nilisikia kila neno.

"Mama Zuhura," alimwambia, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwenzake wasichelewe safari. "Ni mie. Inuka sasa. Nakupeleka kwa mwanao."

Kata ilinitoka mkononi. Mwanamke huyu alikubali kufukuzwa, akakubali kuchomewa vitabu vyake na kulishwa pori miaka yote ile, asiseme la kweli wala asikubali la uongo. Na leo, kwa mtu mmoja ambaye hawezi hata kumshukuru, aliukubali uchawi wote. Nilikuwa nalia kwa sauti, sikujizuia. Yeye hakulia. Alinyoosha mgongo wake taratibu, akafuta mikono kwenye kanga.

"Waite wanaume," akaniambia. "Tuko tayari."